Kigelegele Kimoja Bab Rih

Mzee Lakhdar, au Si Lakhdar kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, alivua hedifoni, akaziweka mezani kando ya birika la chai, kwa upole wa mtu anayerudisha sahani ya mwenyeji baada ya kuonja tonge moja tu. Kisha akasema yale yale aliyoyasema jana na juzi.

"Kazi nzuri, binti yangu. Mungu akubariki. Lakini huu si uwanja wetu."

Wassila Belkheir akatabasamu kwa meno tu, moyo haukuwemo. Alikuwa ameshatabasamu vya kutosha wiki ile.

Na uwanja wenyewe, jamani, ulikuwa hapo nje, ng'ambo ya barabara. Ungefungua dirisha la sebule ya Si Lakhdar ungeliona geti lake la kijani lililobanduka rangi, na juu ya ukuta ungeona nguzo za taa. Wassila alizaliwa mitaa miwili kutoka pale. Alijifunza kuendesha baiskeli kwa kuuzunguka ukuta ule. Leo hii aambiwe si uwanja wao.

Alikuwa amekwenda Algiers kusomea filamu, akabaki huko akitengeneza matangazo ya sabuni na biskuti, akifanya kazi za watu na kuzisaini kwa majina ya watu. Ndipo klabu ya Nasr Bab Rih ikamkumbuka. Uwanja ulikuwa unatimiza miaka themanini Ijumaa ile, na kamati ilitaka sherehe. Wazee wenyewe walikuwa wameshafikiria jiwe la marumaru getini, lenye majina ya marais wote wa klabu, yaani majina yao wenyewe. Wassila akawaletea jambo jingine: mfululizo wa mtandaoni wenye sehemu sita, wa kuangaliwa kwenye simu, ambao mtu haukodolei macho tu bali anaingia ndani yake. Ukigeuza simu kulia unaliona jukwaa la kulia. Ukigeuka nyuma unamkuta muuza karantika, ile keki ya unga wa dengu, anakata vipande na kuvishindilia ndani ya mkate. Ukiinua simu juu unaona mbingu ya Oran na njiwa wake. Na ukivaa hedifoni, sauti zinakuzunguka pande zote, ukafumba macho ukaapa kwamba umekaa kwenye saruji baridi ya Bab Rih siku ya fainali ya Kombe la Magharibi, ile ya miaka ya sabini, Nasr ilipowapiga Amal ya Aïn Sebra mbili kwa moja.

Wazee wa kamati walimsikiliza kwa adabu. Hawakuelewa hata robo. Wakakubali kwa sababu mama yake wanamjua, ila mwenyekiti wao, Si Miloud, akaweka sharti.

"Msimulizi awe Lakhdar. Hakuna mwingine. Lakhdar akikubali, sote tumekubali. Akikataa, tunarudi kwenye marumaru, na fundi wa marumaru nimemwambia asikae mbali."

Lakhdar Mehadji ndiye aliyekuwa kipa siku ya fainali. Viganja vyake mpaka leo vilikuwa vipana, ukimpa kikombe cha chai kinapotelea humo. Na alikuwa mtu wa kusema kweli kiasi cha kuudhi. Mtu mwingine angesikiliza, angesema "ah, safi kabisa," angesoma mistari yake na kurudi kulala. Yeye hapana. Hawezi kusema "huu ndio uwanja wetu" wakati moyo wake unasema sio.

"Sasa kinachokosekana ni nini, ami?" Wassila akauliza.

"Ningejua ningekwambia. Nasikia watu, nasikia ngoma, nasikia refa. Wote wapo. Lakini ni kama nyumba iliyohamwa."

Siku ya kwanza Wassila alidhani ni upepo, maana mtaa umepewa jina la upepo, akaongeza upepo. Si Lakhdar akasema sasa inasikika kama bandarini. Siku ya pili akaongeza mbegu za alizeti zinazotafunwa, kru kru kru, safu nzima. Si Lakhdar akacheka, akasema hizo kweli zilikuwepo, tena zilikuwa zikimwingia ndani ya soksi, lakini bado. Leo alikuwa amempa ngoma tatu badala ya moja, na jibu ndilo hilo ulilolisikia.

Simu yake ikalia. Alikuwa Miloud.

"Wassila, mwanangu, nakuuliza kidogo tu. Marumaru ya kijivu au nyeupe, wewe unaonaje?"

"Si Miloud, kesho bado haijafika."

"Najua, najua. Nauliza tu. Wewe una jicho la rangi."

Alikata simu akiwa na hamu ya kulia, na akamshukuru Mungu kwamba Hajja Zoulikha, mke wa Si Lakhdar, alikuwa anaingia na sinia wakati huo huo, maana mtu akiwa na keki ya lozi mdomoni hawezi kulia sawasawa.

"Bado?" Hajja aliuliza.

"Bado," akajibu mumewe, naye akionekana ana haya kidogo.

"Kichwa chako hicho. Mtoto wa watu amekonda." Akamgeukia Wassila. "Kula. Halafu nieleze, mimi tangu Jumanne nawapikia chai, mnajifungia masikio na vidude vyenu, sijasikia hata chembe. Mimi si mtu wa Bab Rih?"

"Samahani, hajja. Nakuwekea sasa hivi, kwa sauti ya wazi."

Akachomoa waya wa hedifoni, akaelekeza kompyuta upande wa mlango. Hajja akasikiliza kidogo akiwa amesimama, kisha akakumbuka maji yake jikoni, akaondoka akisema, "Endelea tu, nasikia."

Sauti ilikuwa ya redio ya zamani, kanda ambayo Wassila aliitafuta kwa machozi na kwa kujuana. Enzi hizo Bab Rih haikuwa na chumba cha watangazaji. Mtangazaji alipewa kiti nyuma ya goli la upande wa mjini, chini kabisa ya yale majengo marefu yenye roshani zilizouchungulia uwanja, na hapo ndipo aliposhikilia kipaza sauti chake kama mtu aliyeshika samaki hai. Sasa alikuwa anapayuka: winga wa Nasr amempita beki, amempita wa pili, krosi, kichwa, goli. Uwanja ukalipuka.

Na jikoni, Hajja Zoulikha akapiga kigelegele.

Hakukipanga. Kilimtoka kama bismillahi inavyomtoka akishika kisu. Kilikuwa kirefu, cha juu, kikapita ukumbini, kikaingia sebuleni na kugonga vioo vya kabati. Kisha kichwa chake kikachomoza mlangoni, kijiko mkononi.

"Mbona goli lenu halina vigelegele? Mmefiwa?"

Si Lakhdar alikuwa ameinuka nusu. Mikono yake ilikuwa imeinuka pia, bila yeye kujua.

"Hapo," alisema. "Hapo. Ndio hicho."

Wassila alimtazama yeye, akamtazama Hajja, kisha akaitazama kompyuta. Alikumbuka alichokifanya. Kanda ilipofika mkononi mwake ilikuwa na mlio mwembamba wa juu, unaokuja na kuondoka, naye akadhani ni uchakavu, akadhani ni kanda inalia kwa uzee. Akaiamuru programu yake ya kusafisha kelele iutafute mlio ule kila mahali na kuuondoa. Programu ikafanya kazi kwa bidii, ikausafisha uwanja wa Bab Rih ukawa hauna mwanamke hata mmoja.

Hakuna fundi wa Paris ambaye asingefanya hivyo. Lakini yeye hakuwa fundi wa Paris. Yeye alikuwa mtoto wa mtaa ule. Wanawake wa Bab Rih enzi hizo hawakukanyaga jukwaani, lakini nani asiyejua kwamba kila mechi roshani zote zilijaa, huku wanaanika shuka, huku wanamenya maharage, huku wanamtukana refa kwa adabu? Bibi yake mwenyewe alikuwa na kiti chake pale. Wassila aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ami, nimewafuta," akasema. "Nimewafuta mimi mwenyewe."

"Basi warudishe," Si Lakhdar akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

Kanda ya asili alikuwa nayo. Akaifungua. Ilikwaruza, ilichemka, mtangazaji akapayuka vile vile, winga akampita beki vile vile, na goli lilipoingia, juu ya kelele za wanaume ikashuka mvua ya vigelegele kutoka angani, kumi, ishirini, vinapokezana, kimoja kikiishiwa pumzi kingine kinakidaka. Hajja akaacha kijiko chake kabatini akaketi ukingoni mwa kochi. Si Lakhdar alifumba macho. Machozi yalimtoka waziwazi na hakujisumbua kuyafuta.

"Sisi tulikuwa tunacheza chini," akasema, "wao wako juu. Ukivisikia vile, miguu inakuwa si yako."

"Kwa hiyo umekubali, ami?" Wassila hakuweza kujizuia.

"Acha iendelee."

Ikaendelea. Goli la pili likaja, vigelegele vikaja, Hajja naye akaongeza chake cha leo juu ya vile vya zamani. Mapumziko yakapita. Timu zikabadilishana pande za uwanja, na sasa Lakhdar kijana ndiye aliyesimama upande wa mjini, chini ya roshani. Si Lakhdar mzee alikuwa anacheza na mabega, anaita mabeki wake kwa majina, nusu yao wamekwisha kufa. Wassila alikuwa anahesabu moyoni kwamba jioni ile ile anaweza kumrekodi, usiku akaunganisha, na kesho marumaru ikabaki mlimani ilikotoka.

Kisha Aïn Sebra wakapata faulo. Mpira ukagonga ukuta wa watu, ukageuka, ukamwacha kipa anaangukia upande usio wake. Goli.

Mtangazaji, ambaye naye alikuwa mtoto wa Bab Rih, akameza ulimi. Uwanja mzima ukanyamaza. Katika kimya kile, kutoka juu, karibu kabisa na kipaza sauti, kikatoka kigelegele kimoja. Cha msichana. Kirefu, safi, cha furaha isiyo na shaka yoyote, kikapanda, kikajikunja, na mwisho kikakatika ghafla kama kilichofunikwa na kitu.

"Simamisha," Si Lakhdar akasema.

Wassila akasimamisha. Hajja alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Nilikisikia siku ile," mzee akasema. "Nilikuwa nimelala chini, mdomo umejaa mchanga, nikakisikia juu ya kichwa changu. Nikawauliza mabeki. Wakasema, Lakhdar, umegonga nguzo. Nikamuuliza kocha. Akasema, kanywe maji. Nimeambiwa miaka karibu hamsini kwamba niliota." Alikuwa ameanza kupandisha sauti. "Kumbe sikuota. Kwenye roshani zetu, majirani zetu, kuna mtu alinishangilia nikiwa chini. Mimi nilijua. Nilijua ni kwa Bouziane kinyozi, mkewe alikuwa mtu wa Aïn Sebra. Ndio maana sijakaa kiti chake tena mpaka leo."

"Ndio maana?" Wassila alishangaa. Kila mtu mtaani alijua kwamba Si Lakhdar hupanda basi kwenda kunyolewa upande wa pili wa mji, na hakuna aliyejua sababu.

"Ndio maana. Sasa sikiliza, binti yangu. Vile vingine vyote viweke, vizuri sana, huo ndio uwanja wetu. Hiki kimoja kiondoe. Sitaki wajukuu zangu wasikie babu yao anachekwa. Kiondoe, nami nitakusomea kila ulichoandika, hata leo."

Jibu ndilo hilo alilokuwa akilingoja wiki nzima, limetua mapajani mwake. Kuondoa kigelegele kimoja ni kazi ndogo kuliko kumenya yai. Wassila alijua kwamba kukiondoa ni kuongopa kidogo. Alijua pia kwamba Ijumaa ni kesho. Akajiambia kwamba nani atajua, akavuta kompyuta karibu, akaweka alama mwanzo wa mlio, akaweka nyingine mwisho.

"Toa mkono wako hapo, Wassila," akasema Hajja Zoulikha. "Huyo ni mimi."

Si Lakhdar akageuza shingo polepole.

"Wewe nani?"

"Mimi Zoulikha. Mkeo. Unaniangalia nini kama polisi?" Lakini mashavu yalikuwa yamemwiva, mwanamke wa miaka yake. "Nilikuwa nimetoka Tiaret siku mbili tu, nimekuja kwenye tohara ya mtoto wa mama mdogo Aouda. Mpira sijawahi kuuona. Mama mdogo akaniweka roshani ya tatu, akaniambia, unaona wavu ule chini yetu? Mpira ukiingia mle, piga. Basi. Ukaingia mara ya kwanza, wote tukapiga. Ukaingia mara ya pili, tukapiga. Mimi nikaona, ah, mchezo rahisi."

"Na mapumziko?"

"Mapumziko nilikwenda kusaidia kukunja mikate. Nani aliniambia mnabadilishana? Kwetu Tiaret tunashindanisha farasi. Farasi hageuzwi katikati ya mbio." Wassila alikuwa ameshajifunika mdomo kwa kiganja. "Nikarudi, mpira ukaingia wavu ule ule, nikapiga. Nikaona wenzangu wamezubaa, nikasema hawa wa mjini wavivu, nikazidisha. Mama mdogo akanifunika na shuka lililolowa."

"Na wote wakajua."

"Roshani zote. Wakaapa palepale kwa neema ya mkate kwamba hakuna atakayesema, maana walikuona ulivyotoka uwanjani umevimba, wakasema huyu kijana ataua mtu."

"Wote wanajua? Mpaka leo?"

"Mke wa Miloud anajua. Mama yake huyu anajua," akamwonyesha Wassila. "Mke wa Bouziane, Mungu amrehemu, alijua, na alikusamehe kila ulipompita bila salamu. Marehemu mama yako alijua. Ndiye aliyecheka kuliko wote."

Si Lakhdar akashika magoti yake kwa viganja vile vipana. Kwa muda hakuna aliyejua atapasuka upande gani. Wassila aliona kazi yake yote inaning'inia pale, na cha ajabu, kwa mara ya kwanza wiki ile hakuifikiria kazi. Aliwafikiria hao wawili.

"Kesho yake," mzee akasema, "nilipita majengo yale, mlango kwa mlango. Nilitaka kumjua."

"Najua. Ulipiga mlango wa mama mdogo kama mdai kodi. Nikafungua mimi."

"Nikauliza, ni nani aliyepiga kigelegele hapa jana?"

"Nami nikasema, sio hapa, kaka."

"Ukasema sio hapa," akarudia. "Ukanitazama machoni, ukasema sio hapa. Nami nikasahau nilichokuwa nikitafuta."

"Hukusahau. Ulirudi kesho yake kuuliza tena."

"Nilirudi kuuliza tena," akakubali, na sauti ikaanza kumtetemeka, na Wassila alidhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia. "Na keshokutwa."

"Wiki nzima. Mama mdogo akasema, huyu ama atakupiga ama atakuposa, kaa karibu na mlango."

Hapo Si Lakhdar akaangua. Alicheka mpaka akajiegemeza, akacheka mpaka akakohoa, Hajja akampiga mgongoni huku naye mbavu hana. "Miaka yote hii," akasema alipopata pumzi, "nimemchukia mtu yule, na chakula nimekula mkononi mwake."

"Tena ulikuwa unaongeza."

"Na kinyozi wa watu."

"Nilikwambia nywele wanakuharibia kule."

Simu ikalia tena. Miloud. Wassila akapokea, lakini kabla hajasema kitu, Hajja akanyoosha mkono akaichukua.

"Miloud, mwambie mkeo nimesema. Ndio. Kile cha roshani. Mwambie tu, ataelewa." Kutoka upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamke ikiuliza jambo, kisha kicheko kikubwa, na sauti ya Miloud ikiuliza kuna nini, kuna nini, jamani si mniambie. Hajja akakata.

Wassila akafuta alama mbili alizokuwa ameweka. Kisha akatoa kipaza sauti mkobani, akakisimamisha juu ya meza ya chai, akaweka mbele ya mzee karatasi yenye maneno aliyomwandikia. Maneno mazuri, yenye mwaka wa kujengwa na idadi ya mashabiki.

Si Lakhdar akaitazama karatasi, akaigeuza, akaiweka sinia ya keki juu yake.

"Sehemu ya kwanza inaanza na nini?" akauliza.

"Na kufunguliwa kwa uwanja, ami. Meya, bendi."

"Meya atangoja. Anza na kile kigelegele."

"Usitaje jina langu," Hajja akasema haraka.

"Sitakutaja. Kaa hapa."

Akakaa, akatandaza gauni lake kama anayepigwa picha. Wassila akabonyeza, akaangalia sauti inaingia, akampa mzee ishara kwa kidole. Si Lakhdar akasogea karibu na kipaza sauti, akashusha sauti kama mtu anayesimulia jambo la nyumbani.

"Naitwa Lakhdar Mehadji. Nilikuwa kipa wa Nasr. Siku ya fainali nilifungwa goli moja, uwanja mzima ukanyamaza, isipokuwa msichana mmoja kwenye roshani, alishangilia. Msikilizeni. Nilikwenda kumtafuta nimgombeze. Sijarudi mpaka leo."